CIAO: SALAMU ILIYOTOKA UTUMWANI

Leo nimekuletea kisa cha salamu. Na kwa kuwa hakuna aishiye mjini bila ya kusalimu wala kusalimiwa, naamini kisa hiki kitakufaa, uwe mzazi au mwanafunzi.

Kilianzia Malindi, likizo ya Desemba, nilipowapeleka watoto kwa mamangu. Asubuhi moja tulikuwa tukitembea kandokando ya bahari, mimi na bintiye wangu wa miaka sita, akatupita mzee mmoja Mwitaliano mwenye kofia ya ukili. Akampungia mtoto mkono na kumwambia, "Ciao!" Tamka hivi: chao.

Binti yangu akasimama. Akamtazama yule mzee, kisha akanigeukia mimi. "Mama, chao nini? Chao kina nani?"

Nilicheka sana. Kwani kwa sikio la Mswahili, swali la mtoto lilikuwa na maana kabisa. Kiti chao, chakula chao, chumba chao. Mzee wa watu amesema kitu ni chao, halafu akaenda zake bila ya kutuambia ni kitu gani!

Jioni ile ile kicheko kilinikauka mdomoni. Mwana wa kaka yangu, mvulana wa shule ya upili, aliwasili kwa basi kutoka Nairobi. Akaingia uani, akamkuta nyanya yake ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Watoto wengine wakamwamkia: "Shikamoo, Nyanya." Yeye akapita moja kwa moja na mkoba wake begani. Nilipomwita na kumwuliza adabu yake ameiacha kituo gani cha basi, alinijibu kwa upole, lakini bila ya kupepesa macho:

"Shangazi, nimesoma kwamba hiyo ni salamu ya watumwa. Maana yake ni nashika miguu yako. Mimi si mtumwa wa mtu."

Ua mzima ukanyamaza. Kaka yangu alikuwa keshainuka kitini. Mamangu peke yake ndiye aliyeendelea kukuna nazi yake, kana kwamba hakusikia kitu.

Basi msomaji, siku moja ilinipa maswali mawili: lile la binti yangu kuhusu chao, na lile la mpwa wangu kuhusu shikamoo. Nilidhani ni maswali mawili yasiyojuana. Niliporudi Nairobi na kuanza kupekua vitabu, niligundua kwamba ni swali moja.

Hebu tuanze na lile la Mwitaliano.

Kwamba ciao yasikika Malindi si ajabu. Waitaliano walifika sehemu zile kwa shughuli zao za anga katika miaka ya 1960. Mnamo tarehe 26 Aprili 1967 walirusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, karibu na Ngomeni. Watalii wakafuata, kisha wenye hoteli na mikahawa, na leo hata muuza vinyago ufukweni huweza kupatana bei kwa Kiitaliano.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Kiitaliano ni mwana wa Kilatini, basi Warumi wa kale nao walisalimiana kwa ciao. La, hasha. Kaisari wa Roma hakupata kuisikia salamu hiyo maishani mwake. Warumi wakikutana walisema "ave" au "salve", na wakiagana walisema "vale". Salve maana yake ni uwe mzima, uwe na afya. Waitaliano bado wanayo hadi leo.

Ciao ilizaliwa kwingine. Ilizaliwa kaskazini, katika mji wa Venice, mji uliojengwa juu ya maji na ambao kwa karne nyingi ulikuwa dola ya wafanyabiashara na mabaharia. Huko watu waungwana walipokutana au kuagana, walikuwa na desturi ya kuambiana maneno yenye maana ya "mimi ni mtumwa wako". Kwa lahaja ya Venice mtumwa ni "s-ciavo", ambalo baadaye lilitamkwa "s-ciao". Hiyo ndiyo ciao, msomaji. Yule mzee wa kofia ya ukili, bila ya yeye mwenyewe kufikiria, alimwambia bintiye wangu wa miaka sita: mtumwa wako!

Usishangae. Nasi twafanya mambo ya aina hiyo. Mwanafunzi akifunzwa kuandika barua rasmi huambiwa amalizie kwa "wako mwaminifu" au "wako mtiifu", hata kama barua yenyewe ni ya kudai pesa kwa hasira. Nao Waingereza wa zamani walizifunga barua zao kwa kujiita watumishi watiifu wa watu ambao pengine hawakuwapenda hata kidogo. Adabu ina lugha yake.

Pengine utaniuliza, twajuaje kwamba neno refu kama hilo ndilo lililozaa neno fupi la ciao? Je, si kubahatisha? Hapa ndipo penye utamu, na wewe mwanafunzi wa lugha nakuomba usogeze kiti.

Sauti za lugha hazibadiliki ovyo. Zikibadilika, hubadilika kwa mpango, kama askari wanaogeuka pamoja. Wakenya twalijua jambo hili. Mtu wa Mombasa asemaye Kimvita husema mato na kitwa, ilhali Kiswahili sanifu ni macho na kichwa. Penye "ch" ya huku, pana "t" ya kule. Ukishaipata njia hiyo, hupotei.

Basi Kilatini kilikuwa na maneno mengi yenye sauti ya "kl". Kiitaliano kilipokua, sauti hiyo iligeuka "ki", ambayo wao huiandika "chi". Clavis, yaani ufunguo, likawa chiave. Clarus, yaani angavu, likawa chiaro. Ecclesia, yaani kanisa, likawa chiesa. Kwa mpango huo huo, neno sclavus la Kilatini cha zama za kati, yaani mtumwa, likawa schiavo, ambalo hutamkwa skiavo.

Watu wa Venice nao walikwenda hatua moja mbele. Penye "ki" ya namna hiyo wao waliweka "ch". Ufunguo kwao ni ciave, tamka chave. Kwa hiyo mtumwa akawa s-ciavo. Kisha "v" ya katikati ikalegea na kupotea, ikabaki s-ciao. Mwishowe "s" ya mwanzo nayo ikadondoka, ikabaki ciao. Hatua tatu tu, na mtumwa kaondoka na pingu zake, imebaki salamu.

Na ukitaka kucheka, zingatia jambo hili. Ile chao yetu, ya kiti chao, nayo imepita njia kama hiyo hiyo. Ni "ki" na "ao": kiti ki-ao. "Ki" ikikutana na irabu, aghalabu huwa "ch". Ndiyo sababu twasema changu, chako na chombo. Maneno haya mawili hayana udugu wowote, lakini ulimi wa binadamu ni mmoja, na hupenda njia za mkato zile zile.

Kwa sababu hiyo mtafuta asili ya maneno hana budi kujihadhari. Kufanana si udugu. Wavietinamu nao husalimiana kwa neno chào, na mtu mwenye haraka angeapa kwamba wamelipata kwa Waitaliano. Hawakulipata huko. Ni lao wenyewe. Kwa upande mwingine, Wabrazili husema tchau na Waajentina husema chau wanapoagana, na hao kweli walilipokea kwa wahamiaji wengi wa Kiitaliano. Tofauti ni kwamba hapa pana njia iliyopitwa na watu, nasi twaiona.

Vivyo hivyo ushahidi wa ciao yenyewe upo. Carlo Goldoni, mtunzi wa tamthilia aliyezaliwa Venice mwaka 1707, aliyaandika mazungumzo ya watu wa mji wake kama yalivyokuwa, na wahusika wake huagana kwa kujiita schiavo, kwa mfano katika mchezo wake wa La locandiera wa mwaka 1753. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, umbo fupi lilikuwa limeanza kuonekana katika barua za watu. Kisha likasambaa kutoka kaskazini hadi Italia nzima, na mwaka 1929 Mmarekani Ernest Hemingway akalitia katika riwaya yake ya A Farewell to Arms, inayosimulia vita vya kwanza vya dunia huko Italia. Leo lasikika duniani kote.

Lakini msomaji, safari yetu haijaisha, kwa maana bado hatujauliza sclavus mwenyewe katoka wapi.

Warumi wa kale walikuwa na watumwa wengi mno, lakini hawakuwaita sclavus. Neno lao lilikuwa servus. Nalo pia, tazama mambo, liligeuka salamu! Hadi leo watu wa Austria na wa kusini mwa Ujerumani huamkiana kwa "servus", na Wahungari husema "szervusz". Ni kama kwamba kila mahali watu walipotafuta neno la heshima, mkono uliangukia juu ya mtumwa.

Sclavus lilikuja baadaye, kupitia Kigiriki, nalo halikuwa na maana ya mtumwa hata kidogo. Lilikuwa jina la watu. Ni Waslavi, wale ambao wajukuu wao leo ni Wapolandi, Wacheki, Wakroatia, Waserbia, Warusi na wengineo. Wao wenyewe walijiita kwa jina ambalo wataalamu wengi hulihusisha na "slovo", yaani neno. Kwa ufafanuzi huo wao walikuwa watu wa neno, watu wanaosemezana wakaelewana.

Katika karne ya 9 na ya 10, Waslavi wengi walitekwa katika vita vya Ulaya ya kati na ya mashariki, wakauzwa. Wengine walipelekwa hadi Uhispania, iliyokuwa chini ya Waislamu, na vitabu vya Kiarabu vikawataja kwa jina la Saqaliba. Wafanyabiashara wa Venice walikuwamo katika biashara hiyo. Wakauzwa wengi kiasi kwamba jina la kabila likawa jina la hali. Ukisema Mslavi, umesema mtumwa. Ndipo Kifaransa kikapata esclave, Kihispania esclavo, Kijerumani Sklave, na Kiingereza slave. Wote hao ni watoto wa jina la watu ambao hawakuwa na kosa ila kuzidiwa nguvu.

Ukienda Venice leo utapita barabara pana iliyo ukingoni mwa maji, jina lake Riva degli Schiavoni, yaani ukingo wa Waslavi. Yakumbusha mabaharia na wachuuzi kutoka Dalmatia, ng'ambo ya bahari, waliokuwa wakifunga vyombo vyao hapo. Watalii hupiga picha na kuagana: ciao, ciao. Jina la mahali na salamu ya midomoni ni ndugu wa tumbo moja, na wengi wapitao hapo hawajui.

Nami niliposoma hayo nilijiuliza jambo moja. Ni nani hasa aliyekuwa akisema "mimi ni mtumwa wako" kwa adabu? Si mtumwa. Mtumwa hakuwa na haja ya kusema. Kila mtu alimjua. Aliyesema ni muungwana, mwenye joho na kitara, akimwambia muungwana mwenzake. Waungwana waliazima dhiki ya wengine wakaifanya pambo la mazungumzo yao. Hilo lilinichoma, na hapo nikamwelewa mpwa wangu.

Kwani naye hakukosea. Shikamoo yafasiriwa hivyo hivyo alivyosema, nashika miguu yako. Na pwani yetu yaujua utumwa. Malindi ya karne ya 19 ilikuwa mji wa mashamba yaliyolimwa na watumwa. Pale Kisauni, Mombasa, makao ya Frere Town yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na mtaa wa Kengeleni umepata jina lake kwa kengele yao. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Si zamani sana.

Nilimpigia simu mamangu nikamweleza yote, kuanzia Venice hadi Waslavi. Alinisikiliza, kisha akacheka.

"Kwa hivyo huyo Mtaliano akinambia chao, yuwanambia yeye ni mtumwa wangu?"

"Kwa asili, ndiyo, Mama."

"Basi mwambie aje anikunie nazi."

Tukacheka pamoja. Kisha akanyamaza kidogo, na aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine. Akanambia jambo ambalo miaka yote hiyo hakupata kunambia.

"Nyanya yangu mie alizaliwa mtumwa, katika shamba la watu, hapa hapa Malindi. Sheria ilipokuja alikuwa mtoto. Na yeye ndiye alonifunza shikamoo."

Nilikosa la kusema.

"Nilimwuliza, mbona tuwaamkie watu kwa kuwashika miguu? Akanambia, mwanangu, mamangu aliletwa hapa peke yake. Hakuwa na mama wala nyanya wa kumwamkia. Wewe asubuhi ukiamka wamkuta wa kumwamkia. Basi mwamkie."

Msomaji, nimesoma vitabu kadhaa kuhusu asili ya maneno, lakini sijaona mahali palipoelezwa vizuri kuliko hapo. Asili ya neno yatwambia lilikotoka. Haitwambii limebeba nini leo. Ciao ilianza kwa kuinama chini kabisa, na leo ni salamu ya marafiki walio sawa, kiasi kwamba mwanafunzi wa Italia hathubutu kumwambia mwalimu wake. Ukiambiwa ciao, wajibu ciao, basi mmekuwa sawa. Shikamoo nayo ilibaki kupanda juu, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, lakini jibu lake ni marahaba, neno la Kiarabu la kukaribisha. Mtoto ainama, mzee amkaribisha.

Tena maneno hayaendi upande mmoja tu. Unakumbuka ecclesia ya Kilatini, iliyozaa chiesa ya Kiitaliano? Kwa Wareno lilikuwa igreja, nao walikuja nalo Mombasa, wakawa na kanisa lao ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Sisi tukalipokea neno hilo likawa gereza. Na kweli Fort Jesus ilikuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Neno moja lilitoka kanisani likaishia gerezani. Jingine lilitoka pinguni likaishia katika mkono wa mzee ampungiaye mtoto ufukweni. Watumiaji ndio wanaoamua.

Je, twafaa kuyaacha maneno yenye asili mbaya? Kwa maoni yangu, la. Tukianza kuyatupa, tutabaki bubu. Lakini tuyajue. Mtoto akiuliza, asipigwe kofi wala kuambiwa nyamaza. Ajibiwe. Mpwa wangu aliuliza swali la haki, na sisi watu wazima tulikuwa tayari kumkemea kwa sababu tu hatukuwa na jibu. Kosa lake lilikuwa moja, kumpita mzee kimya. Mamangu alilisema vizuri kabla ya kukata simu: "Mwambie simtaki anishike miguu, ina vumbi. Lakini asinipite kama apitaye mnazi."

Likizo ya Aprili tulirudi Malindi. Kijana aliingia uani, akaweka mkoba wake chini, akamwendea nyanya yake na kusimama mbele yake. "Sabalkheri, Nyanya," akasema. Mamangu akamjibu kwa furaha, akamvuta akaketi karibu naye, akamsimulia habari za yule aliyezaliwa shambani. Walikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Shikamoo hajaisema hadi leo. Wala nyanya yake hajaidai. Naye binti yangu, kila akikutana na yule mzee wa kofia ya ukili, humwahi yeye kwa sauti kubwa: "Ciao!" Kisha hunigeukia na kunieleza, kwa kiburi cha mwanachuoni, kwamba si chakula chao.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji, kwaheri ya kuonana. Na kabla ya kulikunja gazeti hili, mwulize mzee wa nyumbani mwako alifunzwa na nani kusalimu.